Riwaya Aliyomsomea Bintiye

Kiwandani walimwita Gundi, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mjalidi wa vitabu. Karatasi zilitoka mtamboni, zikakunjwa mafungu mafungu, yeye akazipanga, akazibandika mgongo, akazivika jalada, kisha akazipeleka kwenye mashine ya kukatia ili kingo zinyooke. Kazi hiyo aliianza akiwa kijana asiye na ndevu, na sasa mvi zilikuwa zimemshuka hadi kwenye nyusi. Gundi ilikuwa imemganda vidoleni kiasi kwamba mkewe alimtania, akisema wao hawana haja ya pete ya ndoa, wakishikana mikono tu hawabanduki.

Vitabu vilivyopita mikononi mwake havihesabiki, lakini msomaji hakuwa. Vingi vilikuwa vitabu vya hesabu vya watoto wa shule, kalenda, na ripoti nene za mashirika ambazo yeye aliamini hata walioziandika hawakuzisoma. Alichoangalia ni namba za kurasa, zifuatane. Kusoma alimwachia mwenzake wa mtamboni, mwanamume mnene waliyemwita Redio kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumzima.

Asubuhi moja Redio alimfuata kwenye meza yake na fungu la karatasi mbichi, wino bado unanuka.

“Gundi, hiki kitabu kitaniachisha ndoa. Jana nimefika nyumbani, mke wangu anaongea, mimi namwitikia ‘ehe, ehe,’ kumbe anauliza kama nina mwanamke mwingine.”

“Kina nini?”

“Msichana yuko chuo kikuu, anakaa hosteli. Kila akizima taa, kuna mtu anakuja kusimama mlangoni kwake. Akifungua, hakuna mtu. Wenzake wanasema amerukwa na akili. Sikwambii zaidi, nitakuharibia utamu.”

Redio alirudi mtamboni akiendelea kuhutubia hewa. Gundi akaanza kupanga mafungu, jicho kwenye namba, kama siku zote. Lakini siku hiyo jicho lilikuwa kaidi. Liliteleza kutoka kwenye namba, likapanda juu ya ukurasa, likasoma: hatua zilikuja, zikasimama, na hazikuondoka.

Mikono yake ikaganda hewani. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kabla, karibu neno kwa neno, na hayakutoka kitabuni. Yalitoka kwa mwanawe.

Huyo mwanawe walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Kaka zake wawili walikwisha kupata miji yao, mbali. Kitinda ndiye aliyekuwa na kichwa cha shule. Alipochaguliwa kwenda chuo kikuu, upande wa pili wa mji, Gundi alitembea kiwandani siku nzima akiwa amevaa koti la harusi yake, joto lote lile, na bosi hakuthubutu kumwambia kitu. Mwaka wa kwanza ulipita vizuri, wa pili pia. Mwaka wa tatu simu ikapigwa kutoka ofisi ya mshauri wa wanafunzi: mzee, njoo umchukue mtoto.

Alimkuta ameketi kwenye benchi la ofisi ile, kandambili mguu mmoja, kiatu mguu mwingine. Alikuwa amekonda. Alimshika baba yake sikio akamnong’oneza: “Baba, wanakuja, wanasimama mlangoni, halafu hawaondoki. Nafungua, hakuna mtu. Na bado hawajaondoka.”

Gundi aliamini. Tusimcheke, mzazi gani asingeamini? Alipiga moyo konde, akamwacha binti na mama yake, akarudi chuoni peke yake kumtafuta huyo mtu. Alimhoji mlinzi wa geti. Aliwahoji wasichana waliokaa naye chumba kimoja, wakamjibu kwa huruma, wakitazama sakafu. Alisimama koridoni mwenyewe, mchana kweupe, akinusa dawa ya kufanyia usafi na nguo mbichi zilizoanikwa ndani, akingoja mtu mwenye sura ya hatia apite. Hakuna aliyepita ila msichana mwenye ndoo.

Baadaye daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alimweka chini akamweleza. “Mzee, haya ni maradhi. Yanawapata watoto wa kila mtu, hasa umri huu. Hakuna aliyemfanyia, na wala si wewe.”

Mzazi mwingine angeshusha pumzi. Gundi hakushusha. Moyoni, bila kumwambia hata mkewe, alikuwa amemtamani yule mtu. Alitamani awepo, awe na shingo, awe na ukosi wa shati unaoshikika. Kuambiwa hayupo kulikuwa ni kuambiwa hakuna pa kuanzia.

Dawa zilizima zile hatua. Zilizima na vitu vingine. Kitinda alirudi nyumbani akawa mtu wa kulala, wa kukaa karibu na dirisha lililofungwa pazia, wa kula alichowekewa na kuacha ambacho hakuwekewa. Alinenepa usoni. Ukimsalimia aliitikia, ukinyamaza naye alinyamaza. Chuo kilimwandikia kwamba nafasi yake ingesubiri, kisha kikaacha kuandika. Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa siku ile Gundi alipoisoma ile sentensi mezani kwake.

Katika kila toleo hutoka nakala chache mbovu. Moja ya riwaya ile ilivikwa jalada kichwa chini miguu juu. Gundi aliiweka ndani ya mfuko wake wa chakula, akaenda nayo nyumbani.

Alianza kuisoma akiwa na nia ya kuichukia. Aliketi barazani na miwani ya mkewe, kwa kuwa yake ilikuwa ya kazi ya mashine tu, akasoma kwa mwendo wa mtu anayevuka mto, akipapasa kila jiwe. Kufika ukurasa wa arobaini hakusikia tena kelele za majirani. Mwandishi alikijua chumba kile. Alijua foleni ya bafuni, alijua tundu la ufunguo lililozibwa kwa karatasi ya chooni, alijua namna rafiki anavyoanza kukuhama: kwanza anahamisha vikombe vyake, kisha mito, kisha anahama yeye. Gundi alisoma na machozi yakimtiririka, mkewe akapita na beseni la vitunguu akasema, “Una nini wewe? Kitunguu nakata mimi, unalia wewe.”

Kisha akafika mwisho. Mwisho wa riwaya ile, msichana alikuwa sahihi tangu mwanzo. Mtu alikuwepo. Alikuwa mhadhiri wake, mwanamume mwenye sauti ya asali, aliyekuwa akimtilia dawa kwenye chai ofisini na kumtuma mlinzi asimame mlangoni usiku, ili aone akili ya mtu inavunjika vipi. Msichana alimtega, akamnasa, akampeleka mbele ya sheria. Katika ukurasa wa mwisho alivaa joho la mahafali na baba yake akapiga vigelegele kama mwanamke.

Gundi alikifunga kitabu kwa furaha. Alifurahi kweli, furaha ya kuona mtu amekamatwa. Haukupita muda akasikia aibu, kama mtu aliyejikuta anacheza ngoma kwenye nyumba ya msiba.

“Umekimaliza?” Redio aliuliza kesho yake.

“Nimekimaliza.”

“Eeh? Si moto?”

“Ni kitamu,” Gundi akasema. “Na ni cha uongo.”

“Riwaya yote ni uongo, bwana. Ulitaka iwe na mihuri?”

Gundi akacheka, lakini siku nzima kazi haikumkaa mkononi. Alikuwa anakipenda kitabu kile na anakionea wivu. Yule baba wa kitabuni, kwa nini yeye alipewa mtu wa kumkamata?

Nyumbani alikiweka chini ya mto wa kochi. Hakukificha sana. Na jioni moja, kabla ya chakula, alipokuwa anakipitia tena sehemu za mwanzo, sauti ikatoka mlangoni.

“Unasoma nini, baba?”

Alikuwa Kitinda, amesimama na shuka mabegani. Gundi alikuwa hajaulizwa swali na mtoto huyu kwa miezi. Kule jikoni kijiko kikaacha kukoroga.

“Kitabu tu, mwanangu. Kuhusu… kuhusu chuo.”

“Nisomee.”

Angefanya nini? Niambie wewe, baba huyo angefanya nini. Alimsomea. Alisoma vibaya, akikwama kwenye maneno marefu, na Kitinda akaketi sakafuni akiegemeza mgongo kwenye kochi. Walipofika pale msichana anapopika kwenye jiko la umeme lililopigwa marufuku, binti alisema, “Sivyo. Ukipika chumbani taa zote za ghorofa zinakatika. Wangempiga.” Kisha akacheka. Kicheko kilikuwa chembamba, kimekwama kwenye vumbi la muda mrefu, lakini kilikuwa kicheko. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale pale, sosi inadondoka sakafuni.

Ikawa desturi yao. Gundi akirudi kazini ananawa, anakaa, anasoma. Kitinda alianza kuoga bila kuambiwa. Alimwomba mama yake amsuke. Alibishana na kitabu kana kwamba mwandishi yupo sebuleni: “Huyo rafiki ni mnafiki, ngoja utaona.” Mara nyingine alinyamaza kwenye sehemu za zile hatua za mlangoni, akavuta shuka, na Gundi akauliza, “Niache?” naye akatikisa kichwa. “Soma. Anasema vizuri. Mimi sikuweza kuwaambia hivyo.”

Kurasa zilivyozidi kupungua upande wa kulia, ndivyo hofu ilivyozidi kumpanda Gundi. Alimwita mkewe pembeni.

“Mwisho wake si mzuri.”

“Anakufa?”

“Hapana. Anashinda.”

Mkewe alimtazama kama mtu aliyepungukiwa akili. “Baba watoto, mwanangu anacheka. Anakula hadi anaomba nyongeza. Wewe unataka nini tena? Msomee ashinde.”

Gundi hakuweza kumwelewesha, kwa kuwa hata yeye hakuwa amejielewa vizuri. Alichoamua ni kutunga mwisho wake. Kwa siku kadhaa, akipaka gundi migongo ya vitabu vya hesabu, midomo yake ilikuwa inacheza. Katika mwisho wake yeye, msichana anakutana na daktari mpole, anaambiwa kwamba hakuna mtu mlangoni, kwamba ni maradhi. Anatumia dawa, polepole anapata nafuu, anarudi darasani. Hakuna anayekamatwa. Aliona ni mwisho wa haki.

Jumapili mchana akakaa kwenye kochi, akafungua sura ya mwisho, akaanza kusoma yasiyokuwepo. Macho aliyapitisha kwenye mistari kama kawaida, sauti akaijaza. Alifika hadi kwa daktari. Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa.

“Baba.”

“Naam, mwanangu.”

“Umegeuza karatasi bila kusoma upande wa pili.”

Gundi akairudisha karatasi ile nyuma.

“Nipe,” binti akasema, na akakichukua kitabu mkononi mwake bila ukali, kama unavyomnyang’anya mtoto kisu.

Aliusoma mwisho akiwa amesimama, jalada limepinduka kichwa chini, midomo ikitembea. Alipomaliza alirudi nyuma kurasa chache akasoma tena. Kisha akaketi. Uso wake ulikuwa umefunguka, mzuri, ule uso aliokwenda nao chuoni.

“Alikuwepo,” akasema.

“Ni hadithi, mwanangu. Mtu amekaa akaitunga.”

“Ameitungaje? Korido ni ile ile, baba. Karatasi ya tundu la ufunguo ni ile ile. Amejuaje?”

Hata Gundi, barazani, alikuwa amejiuliza hivyo hivyo.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote, na hilo ndilo lililokuja kuwaumiza zaidi. Kitinda alifungua pazia. Alifua nguo zake za chuo, akazipiga pasi. Alikuwa akiwatazama wazazi wake kwa namna ya mtu mwenye habari njema anayengoja siku yake. Mama yake alimpa dawa kila asubuhi, akamwona anaweka mdomoni, akamwona anakunywa maji. Asubuhi moja binti alisema anakwenda dukani kununua sindano na uzi. Mwenyewe! Mama alimsindikiza kwa macho hadi kona, akaenda kwa jirani kumwambia, mikono kifuani, kwamba mtoto wake amekwenda dukani peke yake.

Gundi alikuwa kwenye mashine ya kukatia simu kutoka chuoni ilipolia. Bosi aliitazama sura yake akampa gari la kusambazia vitabu na dereva.

Walimkuta Kitinda kwenye ukumbi wa mihadhara. Alikuwa ameingia na wanafunzi wengine, nadhifu, daftari mkononi, akakaa safu ya tatu. Somo lilipofika katikati alisimama, akamwelekezea mhadhiri kidole, akasema kwa sauti iliyonyooka: “Ni yeye. Waambie ulichokuwa unatia kwenye chai.” Hakumgusa mtu. Hakupiga kelele. Lakini hakukubali kuketi wala kutoka, na sasa walinzi wawili walikuwa wamesimama kando yake wakiogopa kumshika, na ukumbi mzima ulikuwa umeinua simu, unarekodi.

Mhadhiri alikuwa mzee mdogo wa mwili, miwani imening’inia kwa kamba shingoni. “Mzee mwenzangu,” alimwambia Gundi, “huyu binti mimi simjui. Nimehamia chuo hiki mwaka huu. Nina mabinti nyumbani. Wallahi simjui.”

“Anadanganya,” Kitinda akasema. Kisha alimwona baba yake, na uso ukamng’aa kama wa mtu aliyepata shahidi. “Mwambie, baba. Wewe si umesoma? Waambie.”

Ukumbi ukageuka, simu zote zikamgeukia Gundi. Alikuwa bado amevaa aproni ya kazini. Alimwendea mtoto wake, akamshika kifundo cha mkono.

“Twende nyumbani, mwanangu.”

Kitinda alikitazama kile kiganja kilichomshika. Akamtazama mwenye kiganja. Kitu kikazimika usoni pake polepole, kuanzia machoni.

“Kumbe na wewe umo,” akasema.

Gari likawapeleka moja kwa moja hospitali.

Siku ile ile mama yake alivua kifuniko cha plastiki kwenye mguu wa kitanda cha chuma, akitafuta hajui nini, na vidonge vikamwagika sakafuni vikiwa vimebadilika rangi.

Safari hii alilazwa muda mrefu. Daktari yule wa sauti ya chini hakuwalaumu, jambo ambalo Gundi alilitamani. Aliwaambia kwamba kila mara ugonjwa unaporudi huondoka na kitu, na mara nyingine hicho kitu hakirudi. Siku za kuangalia wagonjwa, wazee hao wawili walikwenda pamoja, wamebeba matunda na nguo safi. Mama aliingia. Gundi alibaki nje, kwenye kibaraza, kwa sababu Kitinda akimwona alijibana ukutani na kuanza kupumua kwa kasi. Alikuwa amewaeleza wauguzi, kwa adabu, kwamba mzee yule analipwa na watu wa chuo. Gundi alimenya machungwa akiwa nje, akayapanga kwenye bakuli, mkewe akaja kuyachukua na kusema mle ndani kwamba ameyamenya yeye.

Riwaya, kwa upande wake, ilikwenda vizuri. Watu waliigombania. Toleo la kwanza likaisha, la pili likaja kiwandani, na siku moja mwandishi mwenyewe akaja kutazama rangi ya jalada jipya. Alikuwa msichana tu, raba zina vumbi, anaongea haraka huku akikwaruza mkono. Redio alimpokea kama waziri. Alimzungusha kiwanda kizima, akamfikisha kwenye meza ya Gundi.

“Na huyu ndiye anayekivisha nguo kitabu chako. Amekisoma mara mbili!”

“Kweli, mzee?” Msichana alifurahi waziwazi. “Umekionaje?”

Gundi alifuta vidole kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, ili apate muda. “Kilinishika,” akasema. “Nilisahau kama nina nyumba.”

“Asante sana.”

“Na nilikichukia.”

Msichana alicheka, kisha akaona kwamba Gundi hacheki. “Sehemu gani?”

“Mwisho. Ningependa asiwepo mtu.”

“Mlangoni?”

“Mlangoni. Asiwepo kabisa.”

Msichana alifikiri, na alifikiri kwa heshima, bila haraka. “Nililijaribu hilo, mzee. Lakini asipokuwepo mtu, inabaki nini? Msichana anaumwa, anarudi kwao, basi. Hakuna kitabu hapo.”

“Ndiyo,” Gundi akasema. “Hakuna.”

Msichana aliigusa karatasi iliyokuwa juu ya meza. Akasema kwa sauti ndogo: “Nilipokuwa chuo, ghorofa ya juu yetu kulikuwa na dada mmoja alikuwa anasema hivyo, kuna watu mlangoni. Tulimcheka. Siku moja alikuja baba yake akamchukua. Sijui hata jina lake. Nikawa nawaza, je, kama alikuwa anasema kweli? Nilitaka angalau mahali pamoja aaminiwe.”

Angeweza kumuuliza chuo gani, mwaka gani. Maswali yalimjia hadi kwenye meno. Lakini wapo watoto wengi waliochukuliwa na baba zao, na kama ndiye, basi ingekuwaje? Msichana huyu alikuwa amemtendea mtu wema kwa njia aliyoijua. Gundi alimtazama, akaona hana la kumshika. Hata hapa hakukuwa na ukosi.

“Umefanya vizuri,” akamwambia. “Kazi njema, binti.”

Alipoondoka, Redio alimwinamia. “Wewe mzee una roho ngumu. Mtu anakuja na furaha yake unamwambia umekichukia?”

“Nilimwambia pia kwamba kilinishika,” Gundi akasema, na akarudi kupanga mafungu, kwa sababu toleo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Kitinda alirudishwa nyumbani mvua zilipokaribia. Dawa zilikuwa zimeongezwa na safari hii zilikuwa za sindano, ili zisifichwe. Hakumwogopa tena baba yake waziwazi, alimvumilia tu, kama mtu anavyomvumilia mpangaji. Chakula akiletewa na yeye, hakukigusa. Kwa hiyo Gundi hakumletea. Alijifunza kupita mbele ya chumba chake bila kusimama hata kidogo, akikohoa kutoka mbali, na kama ameangusha kitu pale mlangoni alikiacha hadi mkewe aje kukiokota. Aliwahi kuleta kitabu kingine kutoka kazini, cha wanyama, chenye picha. Kitinda aligeukia ukuta.

Mkewe aliacha biashara yake ya kushona mashuka ili abaki nyumbani. Geti likawekewa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa ameanza kuumwa magoti, na kuinuka kutoka chini kulimchukua muda, akishikilia kitu.

Ndipo mchana mmoja, binti amelala baada ya sindano, alipomwita mumewe uani.

“Tumpigie kaka yake mkubwa,” akasema. “Tumuulize tukiwa bado tuna akili zetu.”

Gundi akapiga. Waliweka sauti kubwa, simu juu ya ndoo iliyofunikwa. Waliulizana hali, watoto, mvua. Kisha Gundi akasema walichokusudia kusema, kwamba wao wanazeeka, na kwamba siku wasipokuwepo, mdogo wake hana mtu.

Walisikia watoto wanagombania kitu, na mlango ukifungwa ili wasisikike.

“Baba,” mwana akasema, “mimi nina watoto wadogo ndani. Na mke wangu ameiona ile video. Kila mtu ameiona.” Kisha akaongeza: “Muulize mdogo wangu anayenifuata.”

“Mdogo wako amesema tukuulize wewe,” Gundi akasema.

“Basi tutaona, baba. Mungu ni mkubwa. Nyinyi bado mna nguvu.”

“Ndiyo. Haya, wasalimie.”

Simu ikazimika. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, anatazama nguo za Kitinda zilizokuwa kwenye kamba. Upepo ulikuwa umeanza na wingu limeshuka.

“Amesemaje?” akauliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

“Amesema bado tuna nguvu.”

Mama alitikisa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono ili ainuliwe, Gundi akamshika, akamvuta, na wote wawili wakaanza kuanua nguo.